Injini ya zamani imekosa moto: macho, balbu, multimita, taa ya taimingi, au kubadilisha vipuri?

Unapiga stata, injini inazunguka vizuri, lakini haishiki. Au inashika, inakwenda kilomita chache, kisha inaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa. Umeshafungua kabureta, umepuliza jeti, petroli inafika. Sasa unageukia upande wa moto, na kila unayemwuliza ana dawa yake. Mmoja anasema chomoa plagi uone cheche, mwingine anasema huwezi kitu bila multimita, wa tatu anakushauri ununue koili mpya yaishe.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu hawajibu swali moja. Hapa naziweka njia tano kando kwa kando kwa ajili ya mwenye gari la pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili) na distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi). Mfumo huo ulitokana na kazi ya Charles Kettering na kampuni ya Delco huko Marekani. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuwa nao pamoja na stata ya umeme, na ulitawala injini za petroli hadi miaka ya 1970. Magneto (inayozaa moto wake bila betri) na mifumo ya kielektroniki ina mambo yake. Nitaigusa tu pale ambapo kipimo cha pointi kinaweza kuiharibu.

Kwanza, moto unavyozaliwa

Pointi zikifunga, umeme wa betri unapita kwenye koili na kurudi athi, yaani chuma cha gari kilichounganishwa na betri, kupitia distribyuta. Koili inageuka sumaku. Kamu, ile nundu ya shafti ya distribyuta, ikizisukuma pointi zikaachana, mkondo unakatika ghafla, usumaku unaporomoka, na ule uzi mwembamba mrefu uliozungushwa ndani ya koili unazaa maelfu ya volti. Volti hizo zinapita waya wa katikati, zinaingia kifuniko cha distribyuta, rota (kidole kinachozunguka chini ya kifuniko) inazigawa, kila plagi inapata zamu yake. Kondensa ipo ili umeme usiruke kati ya pointi wakati zinaachana. Bila hiyo mkondo haukatiki kwa ghafla, na cheche ya plagi inakufa huku pointi zikiungua.

Kuna basi upande wa volti ndogo, kuanzia betri, swichi, koili, pointi hadi athi, na upande wa volti kubwa, kuanzia koili, rota, kifuniko, waya hadi plagi. Injini ya silinda nne yenye mwendo wa mizunguko 3,000 kwa dakika inataka cheche 100 kila sekunde. Ndiyo maana hitilafu ndogo isiyoonekana injini ikinguruma taratibu inajitokeza gari likipanda mlima.

Vigezo

Nimezipima njia zote kwa maswali manne. Inajibu nini hasa? Inaweza kukudanganya wapi? Inadai nini kwako, kwa vifaa, ujuzi na tahadhari? Na inamfaa nani?

Swali la pili ndilo ningeomba ulikazie macho. Kila kipimo hapa chini kinaweza kukupa jibu la kweli ambalo halihusiani na ugonjwa wako. Mkondo wa koili ya kawaida ya volti 12 ni kama ampia 4 pointi zikiwa zimefunga, kwa hiyo waya unaopitisha umeme kidogo wa kupimia si lazima uweze kupitisha ampia nne. Na cheche inayoruka hewani si lazima iruke ndani ya silinda iliyobanwa.

Njia ya kwanza: macho na cheche

Inajibu nini. Inajibu kama moto upo au haupo, na unapotelea wapi. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, laza chuma chake kwenye chuma safi cha injini, mtu mwingine apige stata. Cheche ya buluu inayokwenda kwenye weupe, nene, yenye mlio wa "ta! ta!" ni ya afya. Ile ya njano au nyekundu, nyembamba, inayosuasua ni dhaifu.

Halafu fanya hivyo kwa waya wa katikati unaotoka kwenye koili, ukiweka ncha yake milimita chache kutoka kwenye chuma. Moto ukiwapo hapo na kwenye plagi usiwepo, umegawa kazi mara mbili kwa dakika tano: mgonjwa yuko kwenye rota, kifuniko au waya za plagi. Ukikosekana hata hapo, shuka upande wa volti ndogo.

Kuna kipimo kimoja cha macho ambacho watu wengi hawakifanyi, cha rota. Vua kifuniko, acha rota mahali pake, shika waya wa koili kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, weka ncha yake kama milimita tatu juu ya kipande cha chuma cha rota. Piga stata. Cheche zikiruka kuingia kwenye rota mfululizo, rota imetoboka kwa ndani na inavujisha moto kwenye shafti. Kwa macho utaiona mpya kabisa. Multimita nayo itakwambia haina tatizo, kwa sababu volti zake chache haziwezi kupenya pale zinapopenya volti maelfu.

Kifuniko nacho kina siri yake. Kitazame ndani kwenye mwanga mzuri, tafuta mstari mwembamba mweusi kama alama ya penseli kati ya vituo viwili vya chuma vya waya za plagi. Hiyo ni njia ya kaboni ambayo moto umejichorea. Usiku, gizani, injini ikinguruma, waya mbovu zinajianika zenyewe kwa vimulimuli vya buluu.

Inadanganya wapi. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda inahitaji volti nyingi zaidi kupasuliwa na cheche kuliko hewa ya nje. Plagi iliyolala juu ya injini inaweza kutoa cheche nzuri, ukiirudisha ndani ikakaa kimya. Dawa yake ni kifaa cha kupimia cheche chenye nafasi inayorekebishwa: ipanue hadi milimita sita hivi uone kama koili bado inaruka. Jua kali nalo linafanya cheche nzuri ionekane dhaifu, basi jikinge kivulini.

Inadai nini. Karibu hakuna kifaa, lakini inadai heshima. Usishike waya au plagi kwa mkono mtupu. Usiache plagi iliyochomolewa karibu na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka hapo. Usizungushe injini huku waya wa koili ukining'inia hewani bila pa kurukia, maana moto utatafuta njia ndani ya koili na kuitoboa. Kwa mifumo ya kielektroniki kosa hilo linaweza kuua moduli papo hapo. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae mbali na kazi hii kabisa.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyekwama njiani, mwenye gari lililokufa kabisa, na fundi anayeanza uchunguzi. Haimfai mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka.

Njia ya pili: taa ya balbu

Waya mbili, klipu mbili za meno, na balbu ya volti 12, au ya volti 6 kwa magari yaliyotumia betri ya aina hiyo, mfano Volkswagen Beetle za kabla ya mwaka 1967. Ni zana ninayoipenda kuliko zote, niseme mapema ili ujue upendeleo wangu.

Inajibu nini. Inajibu kama umeme unafika, na kama pointi zinafungua na kufunga. Weka klipu moja athi, nyingine kwenye nguzo ya koili inayopokea umeme wa swichi. Washa swichi. Taa ikikataa, umeme haufiki: fuata swichi, fyuzi, viunganishi. Ikiwaka, hamia kwenye nguzo ya pili, ile inayokwenda distribyuta. Sasa zungusha injini taratibu kwa mkono. Pointi zikifunga taa inazima, zikifungua inawaka. Ikiwaka muda wote, pointi hazifungi, au ni chafu, au distribyuta imekosa athi. Ikizima muda wote wakati nguzo ya kwanza ina umeme, kuna mahali panapogusa athi bila ruhusa, mara nyingi kondensa iliyopiga shoti au waya mdogo uliochubuka unapoingia distribyuta. Inaweza pia kuwa uzi wa koili umekatika. Chomoa waya wa distribyuta kwenye koili upime tena: taa ikiwaka sasa, shoti iko distribyuta, ikibaki imezima, koili ndiyo iliyokatika.

Balbu hiyohiyo inaseti taimingi, yaani wakati hasa cheche inaporuka, injini ikiwa imezimwa. Zungusha krenki hadi alama ya puli ikutane na alama inayotajwa na kitabu cha gari, legeza distribyuta, igeuze hadi taa iwake tu, kaza. Injini itawaka.

Kuna dalili moja inayotaka balbu mara moja: injini inashika wakati unapiga stata, ukiachia ufunguo inazima. Kwenye magari yenye risista ya balasti, inayopunguza umeme unaokwenda koili, stata inaipa koili umeme kwa njia ya mkato, na ukiachia ufunguo umeme unapaswa kurudi kupitia risista. Risista ikikatika, au waya wake, utapata tabia hiyo. Balbu kwenye nguzo ya koili itakuonyesha bila kubishana.

Inadanganya wapi. Balbu ya wati 5 inavuta chini ya nusu ampia. Kiunganishi chenye kutu kinaweza kuilisha vizuri na kuinyima koili. Tena, usitumie taa ndogo za LED kwa kazi hii. Zinawaka kwa umeme mdogo mno kiasi kwamba hata waya ulioshikwa na uzi mmoja utaonekana mzima, na zina upande, wakati balbu ya nyuzi haijali kama gari lako ni athi hasi au athi chanya (yaani nguzo ipi ya betri imefungwa kwenye mwili wa gari), kama yalivyokuwa magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960.

Inadai nini. Inadai dakika za kuijua, basi.

Inamfaa nani. Inamfaa kila mwenye gari la pointi, hasa asiyependa namba. Kwa kutafuta silinda moja inayomisi, yaani inayoruka zamu yake ya kuwaka, haina msaada.

Njia ya tatu: multimita

Inajibu nini. Inajibu ni kiasi gani. Hapa ndipo unapotoka kwenye ndiyo na hapana.

Kwenye kupima omu, koili ya volti 12 isiyo na balasti huonyesha karibu omu 3 kati ya nguzo zake mbili ndogo. Ya balasti, karibu omu 1.5. Kutoka nguzo ndogo hadi tundu la katikati, maelfu kadhaa ya omu, mara nyingi kati ya 5,000 na 15,000. Waya ya plagi yenye shaba ndani huonyesha karibu sifuri. Ya kaboni huonyesha maelfu, na ukiipinda namba ikirukaruka, itupe. Multimita yenye kipimo cha kapasita itakuonyesha kondensa ikiwa karibu mikrofaradi 0.2.

Lakini omu si mahali ambapo multimita inalipa gharama yake. Inalipa kwenye upotevu wa volti. Washa swichi, hakikisha pointi zimefunga, mkondo unapita. Weka ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye nguzo ya koili inayopokea umeme. Kwenye gari la athi hasi lisilo na balasti, unachosoma ni volti zilizopotea njiani. Chini ya nusu volti, lala usingizi. Mbili au tatu, kuna kiunganishi, swichi au fyuzi inayokula chakula cha koili. Kisha pima kutoka nguzo ya koili ya upande wa distribyuta hadi nguzo ya athi ya betri, pointi zikiwa bado zimefunga. Ukiona zaidi ya volti 0.2 hivi, pointi ni chafu au athi ya distribyuta ni mbovu. Usiache swichi imewashwa muda mrefu ukitafakari, koili inachemka.

Inadanganya wapi. Inadanganya kwa ukarimu. Multimita ya kisasa inavuta umeme mdogo sana, kwa hiyo ukipima volti wakati pointi zimefungua, waya uliooza utakuonyesha volti 12 kamili. Mtu anafurahi, anasema umeme upo, anakwenda kununua koili. Kipimo cha omu kwenye koili baridi hakisemi chochote kuhusu koili ya moto. Na kondensa inapimwa kwa volti chache wakati kazini inakutana na mamia, kwa hiyo jibu zuri si cheti. Usiguse waya za plagi kwa multimita injini ikizunguka, isipokuwa umechoka nayo. Kwenye magari ya athi chanya utaona alama ya kutoa mbele ya namba. Hiyo si hitilafu.

Inadai nini. Inadai kujua hali ya saketi kabla ya kuamini namba: imefungwa au imefunguliwa, ina mzigo au haina. Ukiwa na kitabu cha gari, vizuri zaidi.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye injini inayowaka lakini haina nguvu, na yule mwenye gari lililokaa miaka mingi likala kutu kwenye viunganishi.

Njia ya nne: taa ya taimingi

Inajibu nini. Inajibu lini. Klipu yake inabana waya wa plagi ya silinda ya kwanza, na kila moto unapopita taa inamweka. Ukiimulika puli, alama inaonekana imesimama. Wengi huishia hapo: taimingi iko sawa au haiko sawa. Iangalie zaidi. Alama ikitulia wakati injini inanguruma na kupanda kwa ulaini ukikanyaga, vyuma vya adivansi ndani ya distribyuta, vinavyowahisha moto mwendo ukipanda, vinafanya kazi. Ikicheza huku na huku kama mlevi, bushi ya shafti ya distribyuta imelika, na hakuna pointi mpya wala koili mpya itakayoponya hilo.

Hamisha klipu waya hadi waya. Silinda ambayo taa yake inaruka mapigo ndiyo yenye njaa. Ikiruka kwenye zote, irudishe klipu waya wa koili: ikiruka hata hapo, shida iko koili au nyuma yake.

Na sasa matumizi ambayo kwangu yanaipa hadhi. Gari linalokufa likipata joto, funga klipu kwenye waya wa koili, acha injini ifanye kazi, kaa uangalie hadi izime. Taa ikikatika ghafla huku injini bado inazunguka kwa mwendo wake wa mwisho, moto ndio uliokufa kwanza. Taa ikiendelea kumweka hadi krenki isimame, geukia petroli. Huo ni ushahidi ambao hupati ukifika baadaye na plagi mkononi, maana injini ikipoa ugonjwa umeshaondoka.

Inadanganya wapi. Inaona umeme uliopita kwenye waya, haioni cheche. Plagi iliyojaa masizi inaweza kupitishia moto pembeni kwenye kauri yake, taa ikameta, silinda isifanye kazi. Pia ukiseti taimingi kabla ya kuseti nafasi ya pointi, umefanya kazi bure: ukipanua nafasi, taimingi inawahi, ukiipunguza, inachelewa. Pointi kwanza. Injini nyingi za silinda nne zinataka nafasi ya karibu milimita 0.4, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Inadai nini. Injini lazima iwe inazunguka, na kwa alama kusomeka vizuri lazima iwe inawaka. Gari la volti 6 litahitaji betri ya pembeni ya volti 12 ya kulisha taa. Na jihadhari: mwanga huohuo unaosimamisha alama ya puli unaweza kuifanya feni ionekane imesimama. Haijasimama.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye injini inayomisi, inayogonga ikipanda, inayochemka bila sababu, au inayokufa kwa msimu wake. Kwa gari lisiloshika kabisa, iache kabatini.

Njia ya tano: kubadilisha kipuri

Inajibu nini. Inajibu kama hiki ndicho. Ni kipimo halali kwa vipuri viwili ambavyo zana nyingine zinashindwa kuvihukumu kwa uhakika, kondensa na koili inayougua ikipata joto. Kondensa hata huhitaji kufungua distribyuta sana: chomoa ya zamani, funga nyingine nje kwa klipu, waya wake kwenye nguzo ya koili ya upande wa distribyuta, mwili wake kwenye athi. Ya zamani lazima ichomolewe, kwa sababu ikiwa imepiga shoti, nyingine haitasaidia.

Inadanganya wapi. Kipya si sawa na kizima. Rota na kondensa mpya zinazokufa mapema ni kilio cha kawaida cha wenye magari ya zamani. Kipuri cha kuamini ni kilichochomolewa kwenye gari linalotembea. Na ukibadilisha vitatu kwa mara moja injini ikawaka, hujajifunza kitu. Ikikataa, una maswali matatu zaidi.

Nimewahi kulipia somo hilo. Gari langu lilikuwa linamisi kila nikiachia mafuta. Nikaweka pointi mpya, kondensa mpya, mwisho koili mpya. Kumisi kukabaki palepale, kumetulia. Siku moja, kwa uvivu zaidi kuliko akili, nikanyonya kwa mdomo bomba la vakyumu, lile linalozungusha bamba la pointi injini inapovuta, huku multimita iko kati ya bamba la pointi na mwili wa distribyuta. Bamba lilipozunguka, namba iliruka hadi angani. Ule waya mfupi laini wa athi unaounganisha bamba na mwili ulikuwa umekatika ndani ya kitambaa chake, ukishikana na kuachana kila vakyumu inapobadilika. Sikuhitaji kununua chochote kati ya vile vitatu.

Inadai nini. Pesa, na nidhamu ya kubadilisha kimoja, kujaribu, kurudisha.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye gari la pili linalofanana, na msafiri wa mbali ambaye hana muda wa uchunguzi.

Ugonjwa mmoja mbele ya njia zote tano

Chukua kiunganishi nyuma ya swichi kilichoshika kutu ya kijani hadi kikawa na omu 1.5. Koili ni ya omu 3, betri ina volti 12. Pointi zikifunga, omu zote ni 4.5, mkondo unashuka kutoka ampia 4 hadi karibu 2.7, na koili inapata volti 8 badala ya 12.

Macho yataona cheche, ya njano kidogo, inayoshindwa kuruka nafasi pana. Utasema koili imechoka. Balbu ya wati 5 kwenye nguzo ya koili, pointi zikiwa wazi, itapata zaidi ya volti 11 na kung'aa vizuri. Utasema umeme upo. Multimita, pointi zikiwa wazi, itasema volti 12. Multimita hiyohiyo, pointi zikiwa zimefunga, itasema volti 8, na kipimo cha upotevu kitakuonyesha volti 4 zilizolala njiani. Taa ya taimingi itameta kwa utulivu injini ikinguruma, kisha huenda ikaanza kuruka mapigo injini ikikazwa. Koili mpya, ikiwa ina nguvu zaidi kidogo kuliko ya zamani, inaweza hata kuleta nafuu ya wiki mbili.

Mgonjwa mmoja, majibu matano, na hakuna zana iliyosema uongo.

Uanze na ipi?

Injini imekufa kabisa. Macho na cheche kwanza kwenye waya wa koili. Hakuna moto hapo, shika balbu. Moto upo hapo lakini plagi hazina, fanya kipimo cha rota na utazame kifuniko.

Inashika ukipiga stata na kuzima ukiachia ufunguo. Balbu kwenye nguzo ya koili, kisha risista ya balasti.

Inawaka lakini haina nguvu, hasa ikipanda. Seti nafasi ya pointi, pima upotevu wa volti pointi zikiwa zimefunga, kisha taa ya taimingi. Kama mtu amewahi kubadilisha koili au kugeuza betri kutoka athi chanya kwenda hasi, hakikisha waya za koili hazijapishana. Injini itatembea hata zikipishana, lakini plagi zitadai volti nyingi zaidi kutoa cheche.

Inamisi silinda moja. Taa ya taimingi waya hadi waya, halafu hamisha plagi ya silinda hiyo kwenda jirani. Kumisi kukihama nayo, plagi ndiyo. Kukibaki, jaribu waya, kisha kifuniko. Kukiendelea kubaki, pima kompresheni na valvu kabla ya kulaumu moto tena.

Inamisi asubuhi zenye unyevu tu. Gizani, kwa macho, na kitambaa kikavu.

Huna zana yoyote na una nafasi ya kununua moja. Kama unaogopa namba, balbu. Kama hazikuogopeshi, multimita, lakini ujizoeze kipimo cha upotevu wa volti kabla ya kujifunza vingine.

Inakufa ikipata joto, inawaka ikipoa. Taa ya taimingi kwenye waya wa koili, ukiisubiri ife. Ikithibitika ni moto, lowesha kitambaa, ukamue, uzungushie koili, ukiangalia kisiguse nguzo zake. Injini ikishika haraka kuliko kawaida yake, koili ina kesi ya kujibu. Isipobadilika, funga kondensa ya pembeni kwa klipu, rudi barabarani, na uiache hukohuko nje hadi ufike.